Mpelelezi Aliyekwenda Likizo

Kuna aina moja ya hadithi za upelelezi ambayo imependwa na wasomaji wengi kwa muda mrefu. Mpelelezi mashuhuri, akiwa amechoshwa na kazi, anafunga mizigo yake na kwenda kupumzika. Anafikia kwenye hoteli nzuri ya pwani, au anapanda stima ya watalii. Anakutana na wageni wenzake: mwanamke tajiri na mume wake mpya, bibi kizee mwenye kiburi, daktari mpole, kijana mwenye maneno makali, na mjakazi wa mmoja wao. Siku mbili tatu zinapita kwa vinywaji na mazungumzo. Kisha asubuhi moja mtu mmoja anakutwa amekufa kitandani, na likizo ya mpelelezi inakwisha papo hapo. Hakuna aliyeingia wala aliyetoka. Muuaji ni mmoja wa wale waliokuwa wakila naye mezani.

Hadithi za namna hii nimezisoma nyingi, na hata sasa nazipenda. Lakini kadiri umri unavyosogea, nimekuwa nikijiuliza swali ambalo si lile la kujua nani aliua. Najiuliza: hadithi hii iliwezekanaje? Maana si kila zama wala kila safari ingeweza kuizaa. Babu zetu wa pwani walisafiri kwa majahazi na pepo za kaskazi na kusi, wakafika Maskati na Bombay. Humo vyomboni mlikuwa na ugomvi, wivu na mali ya kugombewa, yaani kila kitu ambacho mauaji yanakihitaji. Lakini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyepanda chombo ili apumzike. Nahodha alikuwa na kazi yake, sarahangi na mabaharia zao, mfanyabiashara na bidhaa zake, na haji na ibada yake. Kusafiri kwa ajili ya mapumziko, pamoja na watu usiowajua, kwa tikiti iliyolipiwa kabla, ni jambo lililobuniwa na watu fulani katika wakati fulani.

Napenda kulijibu swali langu kwa kuangalia mto mmoja na riwaya moja. Mto ni Nile, sehemu ile ya kusini mwa Misri iliyokuwa nchi ya Wanubi. Riwaya ni Death on the Nile, yaani Kifo Katika Mto Nile, ya Mwingereza Agatha Christie, iliyotolewa mwaka 1937. Humo Hercule Poirot, mpelelezi wa Kibelgiji mwenye masharubu yaliyotunzwa, yuko likizoni Misri pale bibi harusi tajiri anapopigwa risasi usingizini ndani ya stima iitwayo Karnak. Msomaji ambaye hajaisoma asiwe na wasiwasi; sitamtaja muuaji.

Tuanze na aliyeitandika meza ile ya wageni. Thomas Cook alizaliwa Uingereza mwaka 1808. Alikuwa fundi wa samani na mhubiri wa Kibaptisti, na adui mkubwa wa ulevi. Tarehe 5 Julai 1841 alikodi treni iwapeleke watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, kwenye mkutano wa kupinga pombe, kwa nauli ya shilingi moja kila mtu kwenda na kurudi. Safari ile fupi ndiyo mbegu ya biashara ya utalii kama tunavyoijua. Sijui mzee yule angesema nini kama angeonyeshwa glasi zote zinazonywewa katika hadithi za watalii, na jinsi nyingine zinavyotiwa sumu.

Mwaka 1869, ule uliofunguliwa Mfereji wa Suez, Cook aliongoza kundi lake la kwanza Misri. Mwaka uliofuata mwanawe, John Mason Cook, alipata uwakala wa stima za abiria za mtawala wa Misri katika Mto Nile. Kabla ya hapo mgeni tajiri aliyetaka kuupanda mto alikodi dahabia, chombo kikubwa cha matanga chenye vyumba vya kulala, pamoja na nahodha wake, mabaharia na mpishi. Safari ilichukua miezi miwili au mitatu, kwa kufuata upepo. Mwandishi Amelia Edwards alisafiri namna hiyo katika majira ya baridi ya 1873 na 1874. Waliokuwamo ndani ya dahabia walikuwa watu wa familia moja au marafiki waliochaguana. Wote walijuana.

Stima ilibadili mambo. Iliondoka kwa ratiba na kurudi kwa ratiba, na safari ya kutoka Cairo hadi Aswan na kurudi ilichukua kama wiki tatu. Yeyote mwenye fedha alinunua nafasi. Hivyo kanali, mjane, wakili, mwalimu na mwizi wangeweza kukaa meza moja, kila mmoja akijieleza apendavyo, na hakuna wa kumkanusha. Sasa, msomaji wangu, tazama mahitaji ya hadithi ya upelelezi: orodha ya majina isiyoongezeka, vyumba vyenye namba, saa ya chakula inayojulikana, na watu ambao hawazijui siri za wenzao. Vyote hivi vilikuwa vimewekwa tayari na karani wa tikiti, kabla mwandishi hajashika kalamu.

Lakini ratiba peke yake haitoshi. Inahitajika pia amani ya kingo za mto, na amani ile ilikuwa na historia yake. Mwaka 1882 Waingereza waliivamia Misri na kuikalia. Miaka miwili baadaye walituma jeshi kwenda Sudan kumwokoa Jenerali Gordon, aliyekuwa amezingirwa Khartoum na wafuasi wa Mahdi. Kazi ya kulisafirisha jeshi hilo kwa njia ya mto walipewa kampuni ya Cook: askari wapatao 18,000 na maelfu kwa maelfu ya tani za vyakula na zana. Kwenye maporomoko, wanaume wa nchi ile walivivuta vyombo kwa kamba, mguu kwa mguu, dhidi ya maji. Khartoum ilianguka tarehe 26 Januari 1885, siku mbili kabla vyombo vya kwanza vya uokozi havijafika. Vita vilipotulia, kampuni ilijenga stima mpya nzuri zaidi, na watalii wakarudi.

Yupo shahidi wa kipindi hicho ambaye msomaji wa hadithi za upelelezi anamfahamu. Arthur Conan Doyle, aliyembuni Sherlock Holmes, alikaa Misri majira ya baridi ya 1895 na 1896 kwa ajili ya afya ya mkewe, akapanda mto kwa stima hadi Wadi Halfa, mpakani mwa Sudan. Mwaka 1898 alitoa riwaya yake The Tragedy of the Korosko, kuhusu watalii wa stima moja waliotekwa na wapanda ngamia wafuasi wa Mahdi walipokwenda kutazama jabali la Abusir. Humo hamna mpelelezi wala fumbo. Hatari inajulikana inakotoka: inatoka nje, jangwani, kwa wenyeji wenye silaha. Watalii ni kundi moja, na wanashikamana.

Mwaka huo huo wa 1898, tarehe 2 Septemba, jeshi la Waingereza na Wamisri liliwaua zaidi ya watu 10,000 wa jeshi la Khalifa huko Omdurman katika muda wa saa chache, kwa mizinga na bunduki za rashasha. Baada ya hapo sehemu ile ya mto ilinyamaza. Miaka 39 baadaye, katika riwaya ya Christie, stima inapita katika maji yale yale kati ya Shellal na Wadi Halfa, na abiria hawaogopi kitu chochote kilichoko ukingoni. Hatari imehama, imeingia sebuleni. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye jibu la swali langu. Ili kuandika hadithi ambayo abiria wanaogopana wao kwa wao tu, lazima awepo mtu aliyekwisha kunyamazisha kila kilichoko nje ya chombo.

Christie mwenyewe aliijua Misri. Aliletwa Cairo na mama yake alipokuwa msichana, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akacheza dansi katika kumbi za hoteli, na riwaya yake ya mwanzo kabisa, ambayo haikupata mchapishaji, aliiweka huko. Mwaka 1930 aliolewa na Max Mallowan, mtaalamu wa mambo ya kale, na mwaka 1933 wakafanya safari ya Mto Nile. Stima inayohusishwa na safari hiyo, Sudan, ilijengwa mwaka 1921 kwa ajili ya kampuni ya Cook, nayo imedumu hadi karne hii ya 21. Hoteli ya Cataract ya Aswan, iliyofunguliwa mwaka 1899 juu ya majabali ya mto, ndiko wageni wa riwaya wanakokutana kabla ya kupanda Karnak.

Mwaka ule wa 1933 ulikuwa na maana nyingine kwa watu wa ukingoni. Bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika mwaka 1902. Liliongezwa kimo kati ya 1907 na 1912, kisha likaongezwa tena kati ya 1929 na 1933. Kila lilipoinuliwa, maji yalirudi nyuma zaidi kusini na kufunika mashamba, mitende na nyumba za Wanubi. Hapa sisemi wale Wanubi wa Kibera, ambao ni wajukuu wa askari Wasudani waliotumikia Waingereza. Nasema wenyeji wa kingo za Nile, watu waliokuwa na lugha zao na falme zao tangu zama za kale. Walijenga upya juu ya miamba, mahali ambapo hapakuwa na udongo wa kulima. Wanaume wakashuka Cairo na Alexandria kutafuta riziki. Wakawa wapishi, mabawabu, mabaharia wa stima na wahudumu wa hoteli. Hivyo maji yaliyomnyang'anya Mnubi shamba lake ndiyo yaliyompelekea stima, na stima ikampa kanzu nyeupe na sinia.

Christie aliliona hilo kwa jicho lake la uandishi. Yamo katika riwaya maneno machache kuhusu mabaki ya nyumba zilizohamwa kwa sababu ya maji ya bwawa, na kuhusu huzuni ya mahali pale. Maneno hayo yanapita kama ukingo unavyompita abiria. Wenyeji wanaonekana kidogo: wauza shanga, watoto wanaoomba bakshishi, waendesha mashua, wahudumu wa stima. Baada ya bibi harusi kufa, Poirot anawahoji abiria mmoja mmoja, kwa uvumilivu na akili. Lakini fumbo lote linazunguka kati ya Wazungu na Wamarekani wa chumba cha chakula. Wahudumu wa Kinubi hawawi washukiwa wa kufikiriwa, wala mashahidi wa kutegemewa.

Nilikuwa kijana nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza, na nililiona kuwa ni heshima kwa wahudumu wale. Fikra hiyo ilitokana na mambo ya nyumbani kwetu. Mjomba wangu alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja ya pwani, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Vitabu vya Kiingereza nilivyovisoma wakati huo vingi vilitoka kwake. Watalii waliviacha vyumbani wakiondoka, vikiwa na mchanga katikati ya kurasa na harufu ya mafuta ya kujipaka juani, na mjomba alivifunga kwa kamba na kutuletea.

Siku moja hotelini hapo mgeni mmoja wa kike alipoteza bangili ya dhahabu. Meneja aliamuru wafanyakazi wote wapangwe mstari nyuma ya jiko: wapishi, wahudumu, wafua nguo, wafagizi, hata mtunza bustani aliyekuwa haingii ndani kabisa. Mifuko yao ilipekuliwa, viatu vikavuliwa, makabati yao yakafunguliwa. Walisimama juani muda wa saa mbili. Wageni walikuwa barazani wakinywa chai, na hakuna mgeni aliyesumbuliwa kwa swali lolote. Mjomba alikuwa ameiona bangili ile usiku uliotangulia. Mwenyewe aliivua mezani, akampa rafiki yake aijaribu, wakacheka, na rafiki akainuka nayo mkononi. Mjomba alipojaribu kusema, aliambiwa anyamaze, asubiri zamu yake ya kupekuliwa. Siku ya tatu bangili ilirudi kwa mwenyewe, kutoka kwa rafiki huyo huyo. Hakuna aliyekwenda jikoni kusema pole.

Alipotusimulia hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo aliificha. Aliniambia, nasi tukiitana hivyo sote wawili, "Mjomba, mbeba sinia haonekani mpaka kitu kipotee."

Baada ya kisa hicho, stima ya Christie ilinipendeza. Humo palipotokea baya, wapekuliwa walikuwa mabwana. Poirot hakuwapanga Wanubi juani. Aliwatazama wenye vyeo na mali, akawaambia kwa adabu kwamba mmoja wao ni muuaji. Kwa kijana wa Kiafrika, hiyo ilikuwa burudani ya pekee.

Baadaye ndipo nilipoanza kuona kwamba hoteli ya mjomba na stima ya Karnak zilikuwa na kanuni moja yenye pande mbili. Mwaka 1928 mwandishi wa Kimarekani, S. S. Van Dine, alitoa kanuni ishirini za kuandika hadithi za upelelezi. Mojawapo inakataza mtumishi asifanywe kuwa muuaji, kwa kuwa hilo ni jibu jepesi mno, na muuaji anapaswa kuwa mtu mwenye uzito. Tazama maana yake. Ili mtu ashukiwe kwa mauaji ya riwaya, lazima kwanza akubaliwe kuwa na moyo: ana mapenzi, ana wivu, ana kumbukumbu ya dhuluma, anaweza kupanga jambo kwa miezi. Kushukiwa kwa wizi hakuhitaji hayo. Inatosha kuwa maskini. Ndiyo maana hotelini mhudumu hushukiwa wa kwanza, na riwayani hashukiwi kabisa. Pande zote mbili hakuna anayemuuliza alichokiona. Mjomba aliulizwa alichochukua tu.

Hata Christie, kwa namna yake, aliijua thamani ya jicho la mtumishi. Mjakazi Mfaransa wa marehemu, Louise Bourget, alimwona muuaji usiku ule. Anapohojiwa mbele ya watu anajibu kwa mafumbo, akitaka aeleweke na mmoja tu, kwa sababu anakusudia kuiuza siri yake. Naye anauawa. Ni sehemu ya riwaya inayonigusa kuliko nyingine. Mtu aliyezoea kutoulizwa amejifunza kwamba alichokiona kina thamani gizani tu, si hadharani. Na bado huyu alikuwa na jina na sauti. Wale waliosafisha sitaha usiku huo huo, na kulala chini karibu na mitambo, hatukuwasikia.

Sisemi haya ili kumlaumu Christie, aliyefariki mwaka 1976. Aliandika alichokijua, kwa ajili ya wasomaji aliowajua, na kwa ufundi ambao wengi wamejaribu kuuiga wakashindwa. Tena kitabu kikikuonyesha wazi mipaka ya macho ya watu wake, kimekufundisha historia hata kama hakikukusudia. Nasema tu kwamba mpelelezi aliye likizoni ni mpelelezi mgeni. Haijui lugha ya mto. Hana pa kuanzia ila kwa wageni wenziwe.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tulibahatika kumpata mpelelezi wa namna nyingine. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, baada ya hadithi hiyo kushinda katika mashindano ya uandishi. Bwana Msa wake, na kiko chake mdomoni, amemwiga Sherlock Holmes waziwazi, na Najum ni Watson wake. Lakini tazama anapofanyia kazi: vijijini na mitaani anakoeleweka, kati ya watu wanaojua nani ni mtoto wa nani. Humo mtumishi ana jina, na neno la mtu wa kijijini linaweza kufungua fumbo au kulifunga. Abdulla alichukua chombo cha kigeni akakitia maji ya kwetu, na kikaelea.

Nubia nayo ilipata wa kuisemea. Mwaka 1968 Mnubi Muhammad Khalil Qasim alitoa riwaya ya Kiarabu iitwayo al-Shamandura, yaani Boya. Inasimulia maisha ya kijiji cha Wanubi wakati bwawa la Aswan lilipokuwa likiongezwa kimo katika miaka ya thelathini. Ni maji yale yale na miaka ile ile ya Karnak. Tofauti ni kwamba msimulizi amesimama ukingoni, na stima ndiyo inayompita. Natamani mtu mmoja avisome vitabu hivi viwili wiki moja, kimoja baada ya kingine. Katika cha kwanza ataona nyumba zilizohamwa zikitajwa kwa maneno machache. Katika cha pili atakutana na waliozihama.

Mwaka huo wa 1968 jambo jingine lilikamilika mtoni. Ujenzi wa Bwawa Kuu la Aswan ulianza mwaka 1960 na kumalizika mwaka 1970, na maji yake yalikuwa yazame mahekalu ya Abu Simbel, ambako abiria wa Karnak walishuka kutazama. Shirika la UNESCO liliitisha msaada wa dunia. Kati ya 1964 na 1968 mahekalu yale yalikatwa vipande, kila kipande kikapewa namba, yakapandishwa kama mita 65 juu na kujengwa upya kama mita 200 nyuma, yakiwa yanaelekea maji kama zamani. Ilikuwa kazi kubwa ya kibinadamu, na nafurahi kwamba ilifanyika.

Katika miaka ya 1963 na 1964 Wanubi wa Misri wapatao 50,000 walihamishiwa Kom Ombo, kaskazini mwa Aswan. Wanubi wa Sudan, idadi inayokaribia hiyo, walipelekwa Khashm el-Girba, mamia ya kilomita kutoka mtoni kwao, katika nchi ya mvua na udongo wasioujua. Mji wa kale wa Wadi Halfa, mwisho wa safari ya Karnak, uko chini ya maji. Mawe yalihesabiwa na kurudishwa kila moja mahali pake mbele ya mto. Watu walihesabiwa pia, lakini kwa ajili ya kuondoka.

Kampuni ya Cook nayo ilifilisika Septemba 2019, miaka 178 baada ya treni ile ya wapinga pombe, ikawaacha wateja wake wengi ugenini wakisubiri kurudishwa makwao. Habari hiyo ilitangazwa dunia nzima, na ilistahili kutangazwa, maana kukwama mbali na nyumbani ni taabu. Wapo Wanubi waliozaliwa katika vijiji vilivyozama ambao kukwama kwao hakukuwa na tarehe ya kwisha.

Ukishika tena kitabu cha mpelelezi aliyekwenda likizo, msomaji wangu, kisome kwa raha, na ujaribu kumkamata muuaji kabla ya ukurasa wa mwisho. Lakini kila wageni wanapokaa mezani, mtazame pia anayeleta chai. Alikuwapo kabla ya maiti, na atabaki hapo stima ikishaondoka. Kuna mengi aliyoyaona, na hakuna sheria inayokukataza wewe kumuuliza.